Ngombe Yenye Ilitoka mu Shairi

Muniamini ao musiniamini, ngombe ilitoka mu shairi, ikapita mu njia ya Kasenga kati ya bantu na mapikipiki, ikasimama ku mulango ya baba mukubwa wangu. Nilikuwa pale. Niko na picha mu telefone. Niko na odio pia, na hizi odio njo zinaniletea mashaka, juu mupaka sasa vile ninaandika, sijue nilisema nini, na ni minye mwenyewe nilisema.

Ngoja nianze pa mwanzo, juu nikikimbia nitabachanganya na nyinyi.

Minye ni Charlotte. Ninauzisha mu butike ya mama hapa Kasenga, karibu na ziwa, kiwanja moja na baba mukubwa: sabuni, unga, inite za telefone. Bakiriya bakikosa, niko mu telefone. Nilifungua grupu ya WhatsApp, nikaiita Maneno ya Ziwa. Muntu akitumamo shairi, tunaichambua: teme yake, ile wazo kubwa, ni nini, kuko sembole gani, kitu yenye inasimamia ingine, juu ya nini neno moja inarudiliwa kila mustari. Hakuna mwalimu mwenye alinifundisha. Nilisoma mu telefone, nikasikiliza benye banajua, kiisha nikaanza kufundisha bengine. Bantu bakaingia mingi. Prof Frédéric wa Kalundu, mwenye alifundishaka kifaransa mupaka akachoka, akaingia. Iradukunda akaingia.

Iradukunda anafundisha batoto badogo ku masomo ya hapa hapa. Alikomalia juu mulimani, Bijombo, kwa bibi yake Kankindi, kiisha akashuka kusoma, akabakia. Kaka yangu Gratien, mutoto ya baba mukubwa Bigirimana, iko ku port ya Kalundu, anaandika mizigo yenye inashuka ku mashua. Bale babili banapendana. Hata mbuzi ya jirani ilikuwa inajua.

Basi baba mukubwa akapanda Bijombo na bazee bengine kwenda kuomba binti. Bakapokelewa vizuri, bakakunywa, bakazungumuza yenye inazungumuzwaka. Bibi Kankindi akasema jibu itabafuata. Kwao jibu haitoke siku ile ile. Na kati ya kuomba na kujibiwa, hakuna kuuliza. Ukiuliza binti, ni kama unamufundisha kuuzisha siri ya kwao. Ukimurudilia bibi umuambie, ulitaka kusema nini, ni kama unaungama kama hauna masikio. Gratien na Iradukunda bakawa banapitana mu njia, banasalimiana kama bantu ya kanisa moja, basi.

Jibu ikafika mu telefone ya Aimé. Aimé ni motari wa pikipiki, anapandishaka mizigo mupaka penye barabara ya mulimani inaishia. Bibi Kankindi hana telefone. Alishika ya Aimé na mikono yote mbili, akaiweka karibu na kinywa, akasema. Ni Kirundi ya zamani, minye naielewa juu mama yangu ni wa Kiliba, kule banasema Kirundi. Kwa Kiswahili inakuwa hivi, na musinicheke, nimejikaza:

Ule wa pembe za mwezi, ule asiyegombana na njia,
anashuka mulima, ukungu iko bado mugongoni.
Anafika ku maji mingi, anasimama.
Maji inamuita, yeye anaangalia nyuma.
Ule wa kwato nyeusi, hakunywi penye hajue.
Nani atasimama naye mupaka kiu imushinde?
Ule wa pembe za mwezi.

Kiisha kwa odio ukasikia upepo, kuku, basi. Hakuna ndiyo. Hakuna hapana. Hata salamu hakuna.

Baba mukubwa alisikiliza, akarudilia, akavua miwani kama vile miwani njo ilikuwa inasikiliza mubaya. Sisi kwetu ni bantu ya mihogo na muchele, kule mu bonde. Ngombe tunazionaka zikipita. Akaniambia: mutoto, weye njo mwenye kujua mambo haya, fanya kazi yako.

Nilifurahi, sitaficha. Nikafungua grupu ingine ya kando, bila Iradukunda, nikaweka ile shairi. Tukachambua.

Minye nilianza na sembole. Ngombe ni Iradukunda, ile hata mutoto anaona: alishuka mulima. Maji mingi ni huku kwetu, ziwa, na ni Gratien, juu anafanya kazi ku port. Maji inamuita, yeye anaangalia nyuma. Kusema moyo yake iko nyumbani. Hakunywi penye hajue. Kusema hatutaki. Ile ulizo ya mwisho, nani atasimama naye, ni ulizo yenye haingojee jibu, jibu yake ni hakuna muntu. Na shairi inaishia penye ilianzia, kama muntu mwenye alitembea akarudia kwabo. Teme, nikaandika, ni kukataa na heshima.

Prof Frédéric akasema hapana, maji ni ubatizo, bibi anataka ndoa ipite kanisani mbele ya vyote. Mwingine akasema maji mingi ni ile wakati ziwa ilipanda ikaingia mu manyumba, bibi anaogopa mujukuu asije kulala mu maji. Mwingine tena akasema ni siasa. Kila muntu alikuwa na haki, na kila mwenye alikuwa na haki alikuwa anamuharibia mwenzake. Nilisoma majibu yote, kichwa ikawa kama redio kati ya masitasiyo mbili. Lakini minye njo nilikuwa mwenye grupu. Nikakata neno: amekataa.

Gratien alikuwa amekaa ku mufuko ya muchele mu butike, ananiangalia vile ninaandika. Kiisha akaniuliza polepole:

– Charlotte, weye unajua kusoma. Nisomee minye tu: ule binti ananitaka ao hapana?

Nikamuambia shairi haizungumuzie binti, inazungumuzia bibi. Akasema, lakini umesema ngombe ni binti. Nikamuambia ni sembole, kaka. Akatikisa kichwa kama anaelewa. Hakuelewa. Na minye, nikiangalia vizuri, sikuelewa pia, lakini maneno ilikuwa imeshatoka.

Baba mukubwa iko muntu mwenye kiburi ya kimya. Akasema hatutasimama ku mulango ya bantu benye balishaifunga. Balitukataa na shairi, tutabaacha na shairi, vizuri, bila matusi, kisha kila muntu arudie kwake. Gratien akaomba tungoje kidogo. Baba yake akamuambia kungoja njo namna ya kuomba mara ya pili, na mara ya pili haikuwako. Akaniangalia minye.

Nikatunga. Nilikaa ku butike siku nzima, bakiriya banaita, siitike. Nilitaka iwe na sembole, iwe na repetisyo, maneno ya kurudilia, iwe muzuri mupaka bibi mwenyewe aseme, hawa bantu ya ziwa bako na adabu hata wakati banaondoka. Nikairekodi na Kirundi ya mama:

Mama ya mulima, kamba tumeifungua.
Kamba yako tunakurudishia, haina fundo, haina damu.
Mwenye pembe za mwezi asimame penye moyo yake inasimama.
Sisi ku maji, mikono yetu iko wazi.
Kamba tumeifungua, mama ya mulima, kamba ni yako.

Mu grupu nilishafundishaka zamani: kamba mu shairi ni kifungo kati ya bantu. Ikifunguliwa, bameachana. Mikono wazi, hakuna kitu umeshika tena. Baba mukubwa akasikiliza, akasafisha koo, akasema ni sawa. Gratien akatoka inje. Aimé akachukua odio, akapanda asubui.

Kesho yake, ngombe ikafika.

Nilikuwa ninafungua butike, nikasikia bantu banacheka mu njia. Iko mutamba, mweupe kama majivu, kwato nyeusi tititi. Pembe zake zilikuwa mbili tu kama za ngombe zote, lakini zilivyopinda, uweke kidole kati, uone mwezi mudogo. Inatembea kati ya mapikipiki, haigombane na muntu. Nyuma yake muzee mwenye koti ya mvua ya kijani, anatokea Bijombo kwa miguu, anauliza nyumba ya Bigirimana. Aimé alipita barabara, yeye alipita njia ya miguu, alilala kwa ndugu yake mu njia juu mvua ilimufunga. Balipitana bila kuonana.

Ikafika ku mulango ya baba mukubwa. Tukaiwekea maji mu bafu, ile beseni kubwa ya kufulia. Ikanusa, ikainua kichwa, ikageuka kuangalia milima. Haikukunywa.

Ilikuwa ile shairi yenyewe. Mustari kwa mustari. Niliangalia muzee nikamuuliza ngombe ni ya nini, na sauti yangu ilikuwa imekuwa ya mutoto. Akaniangalia kama nimemuuliza jua ni ya nini. Akatuelezea, na alikuwa anaelezea tu huku anasugua miguu yake: binti akitolewa, kwabo banatuma mutamba, yeye na bwana yake baanzie nayo nyumba. Ngombe iko na jina yake ya kusifia. Jina inatangulia, ngombe inafuata, juu benye banaipokea bajue kuiita. Jina balishawatumia. Hamukuisikia?

Baba mukubwa akasema tuliisikia.

Basi, muzee akasema, banauliza nani atasimama naye. Ngombe mugeni hakunywi. Muntu mumoja asimame naye, aongee naye, mupaka akunywe. Ni nani?

Haikuwa ulizo yenye haingojee jibu. Ilikuwa inangoja jibu. Gratien akachukua bafu, akavua viatu, akaenda kusimama mu kiwanja na ngombe, akaanza kumuongelesha polepole. Sijue alikuwa anamuambia nini. Nilimuona anafuta macho na bega.

Na muzee akaendelea, kama kitu kidogo tu: ngombe ikishapokelewa, kamba inarudia kwa mwenye kuitoa. Njo vile anajua ilifika. Akaifungua ku shingo, akaizungusha, akaitia mu koti. Kesho anapanda nayo.

Kamba inarudia kwa mwenye kuitoa.

Nilikaa chini ku mulango. Baba mukubwa akaniangalia, nikamuangalia. Tukaanza kumupigia Aimé. Telefone haipatikane. Tukapiga tena. Haipatikane. Ule yote muchana nilikuwa ninaangalia ile odio yangu mu telefone, alama yake ya kijani, nikitaka kuivuta irudi.

Aimé akafika baada ya saa ya kula, matope mupaka ku kofia, anacheka. Akasema weye Charlotte, leo umekuwa muntu. Akatuelezea vile bibi Kankindi alisikiliza odio yangu. Mara ya kwanza alifunga macho. Mara ya pili akapiga makofi, polepole, vile banapigaka makofi kushukuru. Akaita majirani basikilize. Akasema ataaga dunia na moyo mutulivu, juu ku ziwa kungali kijana mwenye anajua kurudisha kamba. Alihesabu kama ngombe ilishafika, juu muzee alitangulia, hakujua mambo ya mvua. Kiisha akamuuliza Aimé, na kamba yenyewe iko wapi? Aimé hakuelewa kitu. Akazani bibi iko na lazima ya kamba. Akafungua ile ya nailo ya kufungia mizigo ku pikipiki yake, akamupatia. Bibi akaiangalia, akasema kumbe siku hizi ku ziwa banatumia ya nailo, akaipeleka mu nyumba.

Nyinyi mucheke. Minye sikucheka. Kesho muzee wa koti ya kijani anapanda na kamba yenyewe, ya kweli, yenye kusukwa. Bibi Kankindi atakuwa na kamba mbili ya ngombe moja.

Na Aimé hakuwa amemaliza. Bibi alisema siku ya ndoa ule kijana wa odio njo atasimama kusemea upande wa bwana, mbele ya bantu bote, arudilie yale maneno. Na akamuambia Aimé, ukifika penye mutandao iko, utumie mujukuu wangu ile odio, asikie vile bamemupokea, afurahi.

Nikamuuliza, ulituma?

Akasema nilituma tangu asubui.

Baba mukubwa akaniita pembeni, nyuma ya nyumba. Akasema, na hakunikaripia, njo maana ilikuwa mubaya zaidi: ulisema shukrani. Toka leo, ulisema shukrani, na hakuna muntu wa nyumba hii mwenye alisikia kitu ingine. Nikamuambia lakini baba mukubwa, unajua. Akasema ninajua kama bibi alielewa, na bibi njo mwenye maneno ya kamba, haiko weye. Hapo nikapotea kabisa. Juu kama bibi aliisikiliza na masikio yenye inajua, na akasikia shukrani, basi shukrani ilikuwa mule. Nani aliiweka? Minye sikuiweka. Minye niliweka kuachana. Nikasikiliza tena odio. Mikono yetu iko wazi. Asimame penye moyo yake inasimama. Nikasikia shukrani. Nikasikiliza tena, nikasikia kuachana. Nikasikiliza tena, nikasikia tu sauti ya binti mwenye kujivuna, nyuma yake mukiriya anaomba sabuni.

Iradukunda akakuja jua inaanza kulala ku upande ya milima. Alipita kwanza mu kiwanja. Nilimuona ku dirisha. Gratien alisimama wima na bafu yake, na kwa hizi siku zote za kungoja hawakuwa wameongea, na hata sasa Iradukunda hakuongea naye. Aliangalia ngombe. Akasema mustari ule wa kwanza, ule wa pembe za mwezi, taratibu tu, na ngombe ikageuza kichwa yote, ikamuangalia. Akaipapasa paji ya uso. Kiisha akaingia mu butike, akakaa ku ule mufuko ya muchele penye Gratien alikaaka, akaweka telefone yake ku meza kati yetu.

Akaweka odio. Tukaisikiliza, minye na yeye, mupaka mwisho.

– Bibi yangu anasema hii ni mapokezi, akasema. Alimuambia Aimé kama hajasikia muzuri hivi tangu bwana yake akufe. Lakini minye nilikuwa mu grupu yako toka siku ya kwanza, Charlo. Weye njo ulinifundisha. Kamba ikifunguliwa, muntu anaachwa. Uliandika vile, niko nayo hapa.

Nikamuambia mashairi inaelewekaka namna mingi. Akasema ile ni jibu ya mu grupu, si jibu ya mu nyumba.

Akasogea karibu, na sauti haikupanda, ilishuka.

– Sikuulize shairi inasema nini. Ninauliza weye, siku ile unaitunga, balikutuma kuniacha ao kunipokea? Juu kama baliniacha mara moja, bila kuniuliza, ninataka nijue mbele ya kuingia mu nyumba yabo. Kama ni uongo ya kunifurahisha, shemeji, iwache.

Niliangalia telefone. Niliangalia mulango. Baba mukubwa alikuwa amesimama inje karibu na ukuta, hasongei, anasikiliza. Kama ninasema kweli, Iradukunda atatoka hapa, atamwambia muzee wa koti ya kijani, na kesho bibi yake atashika kamba mbili mu mikono akielewa kama alipigia makofi matusi, mbele ya majirani aliobaita mwenyewe. Na Gratien, mwenye hakutaka tutume, mwenye amesimama mu matope tangu asubui na bafu ya maji, atakosa mwanamuke juu ya uchambuzi yangu. Kama ninasema shukrani, ataolewa, na siku ya ndoa nitasimama mbele ya bantu bote kurudilia maneno, na yeye atakuwa amekaa pale ananiangalia ku macho, ananiuliza ile ulizo moja kila mustari.

Na kitu yenye ilinitesa kupita zote: hata kama ninataka kusema kweli, kweli ni ipi? Yenye niliweka, ao yenye ilifika?

Pale pale, mu kiwanja, tukasikia Gratien anaita, sauti imemukatika: amekunywa! Ngombe imekunywa. Bantu bakaanza kuongea kwa furaha, Aimé akapiga muluzi. Iradukunda hakugeuza kichwa. Aliweka kidole yake ku alama ya odio, hakuibonyeza, akaningoja.

Weye mwenye unasoma hapa, ungemuambia nini?